Bukari Nyuma ya Shuka

Juzi mjukuu wangu Furaha alirudi kutoka masomo, macho mekundu. Mwalimu aliwaonyesha filme ya Wayahudi waliouawa Ulaya wakati wa vita. Nikamwambia, keti hapa, hao watu mimi niliwaona zamani.

Nilikuwa mtoto, hapa hapa mjini Baraka, kwetu Kongo. Mchana ule padri alifunika madirisha ya kanisa kwa mikeka, akatundika shuka nyeupe. Mashine ilinguruma na kunuka petroli. Kwenye shuka wakatokea watu waliokonda sana, nyuma ya senyenge, wakituangalia. Padri alieleza kwamba wengi walikufa, lakini mimi nilikuwa naona macho yao tu. Nilifikiri wamefungiwa nyuma ya ile shuka na hakuna wa kuwapikia.

Filme ilipoisha nilikimbia nyumbani, nikachukua bukari, ule ugali wa baba, na samaki wake wadogo wa ndagala, nikaenda kuviweka nyuma ya shuka. Nilikuta ukuta. Nikaacha sahani, labda wanaogopa.

Mama akauliza, "We Riziki, chakula ya baba yako iko wapi?"

"Nimepelekea bageni kule kanisa."

Alinivuta sikio mpaka kule. Katekista, aliyekuwa anakunja shuka, alicheka sana. "Mama Riziki, mutoto wako analisha picha!"

Leo najua wale watu walikuwa mbali, na wengi walishakufa. Lakini aibu sina, kwa sababu mama hakucheka. Aliangalia sahani, akaachilia sikio langu.

"Bageni unabapa chakula bila maji ya kunawa? Ni mimi nilikufundisha vile? Kwenda kuchota."