Miaka Sita Bila Dai

Wasomaji wangu, dereva mmoja wa Bugarama, kule Ngara, ametutoka. Nilipoletewa habari nilisikitika, kisha nikajikuta nacheka peke yangu. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani kwa wakala wa bima, naye alikuwa na pikapu ya kupeleka maharage kambini. Hatukuwa na mteja mwenye maringo kama yeye. Kila mwaka uliopita bila yeye kudai fidia, ada yake ya bima ilipungua, na alikuwa ametimiza miaka sita. Barua ya punguzo aliitilia fremu akaitundika sebuleni kando ya picha ya harusi. Mkewe alilalamika kwamba barua inafutwa vumbi mara nyingi kuliko picha.

Siku moja aliingia ofisini amenywea. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Andika dai." Alikuwa amekata kona vibaya akamgonga mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akisukuma baiskeli ya kuni. Mkono ulivunjika, baiskeli ikakunjika. Hapakuwa na shahidi, na majeruhi mwenyewe, aliyetoka kambini bila kibali, alimsihi: "Mzee, tuyaache tu, polisi wataniuliza kibali." Nami, naungama kwa aibu, nilimshauri ampe chochote yaishe, maana dai moja lingemrudisha kwenye ada kamili. Alinikazia macho. "Kijana, huyu analisha watoto wake kwa baiskeli ile. Bima nimelipa ili nitundike ukutani?" Akaenda na yule mkimbizi polisi. Suala la kibali lilipoulizwa, akajibu kwamba aliyekosea barabarani ni yeye, basi waanze naye. Kisha akaning'ang'ania mimi kila wiki mpaka fidia ikatoka: matibabu na baiskeli mpya.

Punguzo likafutwa lote. Mwaka uliofuata alikuja kulipa ada nzima huku akicheka na kuniita mwalimu kwa utani: "Mwalimu, nimerudishwa darasa la kwanza." Tangu hapo nimekutana na watu wengi wenye rekodi safi, maofisini na hata kwenye siasa, na nimezoea kujiuliza: ni safi kwa sababu hawakumuumiza mtu, au kwa sababu waliowaumiza waliogopa kusema? Mzee yule angeufikia mwaka wa saba kwa kunyamaza tu, na sote tungempongeza. Alichagua kuanza upya, na mimi sijamjua dereva mwema kuliko yeye.