Barua Moja, Wasomaji Wawili

Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia chumvi. Ndiyo maana pale Ipogolo, barua ikifika kutoka Mbeya, shangazi ananiita mimi, na mimi navimba kichwa.

Barua zilikuwa za binti yake, dada yangu tuliyekula naye sahani moja tangu utoto, kaolewa Mwanjelwa, hukohuko Mbeya. Mumewe sikumpenda. Siku ya posa alinicheka viatu. Basi jicho langu lilikimbilia ubaya wake tu. "Tumegombana juu ya shamba." Hiyo nasoma hata mara mbili! Kwamba kamjengea jiko, naruka. Sikuona kama nadanganya. Kila neno nililosoma lilikuwemo.

Mara shangazi akafunga kanga zake kwenye kapu. "Kesho namfuata mwanangu. Arudi nyumbani."

"Twende wote, shangazi, nikamkunje huyo mtu!"

Akapita jirani yetu, mwimbaji wa kwaya kwa Walutheri, kuomba moto. Shangazi akampa barua ileile niliyotoka kumsomea. Mama wa watu akasoma: tunamshukuru Mungu, watoto wazima, jiko limekwisha. "Ndoa ya baraka hii," akasema.

Shangazi akatukazia macho. "Ni karatasi moja?"

"Moja."

"Huyu ananisomea vita, wewe unanisomea ibada. Mwanangu mwenyewe yuko wapi humu?"

Akatukalisha mkeka mmoja. Mimi mstari, jirani mstari, kidole juu ya karatasi, kuruka marufuku. Zamu yangu ikaangukia hapa: "Nilipougua alinibeba mgongoni mpaka hospitali." Nikausoma harakaharaka. Jirani naye alikohoa sana kufika kwenye "siku mbili hatukusemeshana." Mwisho kabisa kulikuwa na mstari ambao wote wawili tulikuwa tumeuruka: "Mama, sitaki kuondoka. Njoo utusikilize wote."

Kapu halikufunguliwa. Shangazi aliongeza kuku wa kumpelekea mkwewe. "Unakuja," akaniambia, "ila mikono mfukoni."

Shemeji alitupokea stendi, akaangalia viatu vyangu, vilevile vya siku ya posa. Nikamwahi: "Cheka yaishe." Akacheka, mimi pia, nikajichukia kidogo.

Shangazi alimsikiliza dada asubuhi, shemeji mchana, kisha wote pamoja. Shamba likagawanywa, huku viazi, huku maharage.

Barua iliyofuata, mbele aliandika dada, nyuma shemeji. Nikaichukua nisome. Shangazi akaninyang'anya.

"Ngoja kwanza. Kamwite jirani."

Nikaenda mbio.