Nilimkumbatia Mama Mkwe Kanisani

Nimekosa. Na sikukosea chumbani, ambako mtu angejifunika shuka akanyamaza. Nilikosea mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, watu wakinipigia makofi! Jina langu liacheni. Wa hapa Doha wakisoma watanijua tu, na wacheke, nimezoea.

Mimi ni Mbembe. Wazazi wangu walitoka Fizi, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini nimekulia Kayole, Nairobi. Ubembe wangu ulikuwa wa sombe ya mama, yaani kisamvu, na nyimbo za kanisani, basi. Hapa Doha ni dereva wa kampuni, na hapa ndipo nilipokutana na Apendeki, Mbembe mwenzangu anayefanya kazi hotelini. Tuliimba kwaya moja, sauti zikapatana, na mioyo nayo ikafuata.

Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya ndoa lilikuwa la mama yake. Na mama huyo akaja Doha! Dada mkubwa wa Apendeki, nesi anayekaa mji jirani wa Al Wakrah, alikuwa amejifungua, akamtafutia mama viza ya matembezi aje amsaidie kulea. Apendeki akaniambia wazi: mama anakuja kwa mjukuu, lakini jicho moja anakuletea wewe.

Nikaenda kumpokea uwanja wa ndege. Sasa, kwetu kuna bukwe, yaani heshima ya ukweni. Kijana na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawakodoleani macho. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu wa katikati. Mama aliketi kiti cha nyuma, kitenge kimemshuka mpaka kwenye paji la uso.

"Apendeki, umuambie dereva apunguze mbio," akasema.

Nami niko hapo hapo mbele, namsikia! Apendeki akanigeukia, akayarudia maneno yaleyale kama vile nimeziba masikio. Nikapunguza mbio, lakini moyoni kiburi kilikuwa kimeanza kuchemka.

Kwa sababu mama huyu ni mlokole wa kweli. Ni shemasi kwao, akiomba hata friji inatulia. Nikajiambia, mtu aliyeokoka anafuataje mambo haya ya mababu? Si tulifanywa viumbe vipya? Jamani, ningemuuliza Apendeki tu, angenieleza vizuri. Sikuuliza. Nilijiona mimi ndiye niliyetumwa kumfungua.

Ijumaa ikafika, siku yetu ya ibada huku. Kule Abu Hamour makanisa yamepangana ndani ya ukuta mmoja, ukipita ukaguzi wa getini unachagua mlango wako. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili mchungaji akaita wenye ushuhuda. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikahubiri juu ya mila zinazotufunga, sauti ikapanda, nikatokwa na jasho. Halafu nikatangaza kwamba leo nauvunja ukuta wa bukwe kwa jina la Yesu.

Nikashuka jukwaani, nikaenda mpaka safu ya akina mama, nikamkumbatia mama mkwe!

Kanisa likalipuka kwa makofi. Wengine wakatoa simu wakarekodi. Mama alikuwa amekauka mikononi mwangu, kitenge kimeanguka chini, kichwa wazi mbele za watu. Nilipomwachia aliokota kitenge chake taratibu, akatoka nje, akaenda kuketi karibu na geti kwenye lile joto. Apendeki alimfuata bila kunitazama.

Rafiki yangu Wafula, mlinzi, Mbukusu wa Bungoma, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Bro, umefanya nini?" akaniuliza. "Hata kwetu hiyo haiguswi."

Kumbe hata Mbukusu aliujua uzito wake, mimi mwenye kabila ndiye nisiyeujua!

Mama akapiga simu kwa wajomba wa Apendeki. Akawaambia kijana huyu hana wakubwa, hakufundwa, na mazungumzo ya ndoa yasimame. Gari langu akalikataa pia, akawa anapanda metro. Apendeki alilia kwenye simu. Aliniambia hataolewa kwa machozi ya mama yake, hata kama ananipenda, na kwamba mama akipanda ndege bila kusamehe ndiyo basi. Na viza ilikuwa inakaribia kwisha. Nililia na mimi, dereva mzima, nimeegesha gari kando ya duka la shawarma.

Nikampigia baba Kayole. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kosa la bukwe linaoshwa kwa mbuzi, na mkosaji hafungui mdomo, anatafuta wa kumsemea. Nikamtafuta Wafula. Alikubali haraka mno, nadhani aliisikia harufu ya nyama.

Tukaenda soko la mifugo. Shida ikawa moja: mama lazima amwone mbuzi akiwa hai, na mbuzi hapandi lifti za Al Wakrah. Ikabidi Wafula apige simu ya video kwa Apendeki, mama akiwa kando yake, mimi nimejificha nyuma ya lori la majani nisionekane.

"Umuambie ageuze mbuzi nione meno," sauti ya mama ikatoka kwenye simu.

Mbuzi akageuzwa. Yule muuzaji, Msudani, akabaki anatushangaa. Wa kwanza akakataliwa, mama alisema ana sura ya huzuni. Wa pili akapita.

Nyama ikapikwa kwa dada wa Apendeki. Mama na binti zake jikoni, mimi na Wafula sebuleni, mlango umerudishwa nusu. Wafula akaniombea msamaha kwa heshima zote. Nilijua jibu haliwezi kuja kwangu. Mama hasemi nami.

Kisha nikamsikia anasema tuombe chakula. Na hapo, ndugu zangu, mama akamwambia Mungu yote ambayo asingeweza kuniambia mimi.

"Bwana, unamujua huyu mutoto aliye nyuma ya mulango. Alinipa haya mbele ya watu wako. Ulinitoa katika zambi, Bwana, hukunitoa katika heshima, na wewe mwenyewe umufundishe hilo. Kichwa chake ni kigumu lakini roho yake ni nzuri. Nimemusamehe. Na huyu binti yangu ninamupa yeye."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, machozi yanadondokea kapeti la watu. Sikujua kama nina ruhusa ya kujibu. Wafula akanifinya paja, akaninong'oneza kwamba Amina haina bukwe. Nikaitikia kwa sauti, na nikasikia jikoni mtu anacheka kidogo.

Nilidhani imani yake imefungwa na mila, kumbe vilikuwa vinakaa nyumba moja bila kugombana, na mgomvi alikuwa mimi.

Siku ya kuondoka alikubali kupanda gari langu. Alikaa nyuma, kitenge kwenye paji la uso, nami nikatazama barabara tu. Tukiukaribia uwanja wa ndege nikamsikia.

"Apendeki, umuambie mutoto wangu apunguze mbio."

Mtoto wangu! Nikapunguza. Nanyi wenzangu mliokulia mbali na kwenu, mnaotaka kuvunja kuta ambazo hamkuzijenga, punguzeni mbio. Ulizeni kwanza nani anaishi ndani. Na kama umeshakosea, soko la mifugo linafunguliwa asubuhi, tafuta mbuzi asiye na sura ya huzuni.