Chuma au Plastiki kwa Mgongo wa Nafisa

Nafisa alitambua kwa harufu, si kwa maumivu, kwamba mguu wake wa kushoto umekufa ganzi. Alikuwa ameketi akisonga bukari, yaani ugali, nyumbani kwake, mtaa uitwao Kenya jijini Lubumbashi, unyayo umegusa mbabula, jiko lenye makaa ya moto. Mdogo wake Kulthumu, aliyemwita Yaya kwa kuwa ni dada mkubwa, akaingia mbio.

"Yaya, muguu yako inaungua."

Nafisa alitazama chini. Akausogeza mguu kama mtu anayesogeza kiti, akaendelea kusonga.

Alikuwa fundi cherehani, wa ukoo uliotoka Maniema. Mgongo ulimtesa miaka mingi, na zamani alilia. Mwaka ule hata kulia kulikoma.

Kulthumu alimpeleka hospitali. Daktari Paulin akaeleza kwamba pingili moja ya kiuno imeteleza juu ya mwenzake na kubana mishipa ya fahamu. Angezifunga kwa skrubu na fito za chuma. Kati ya pingili hizo angeweka kizimba kidogo kilichojazwa vipande vya mfupa wa Nafisa mwenyewe, mpaka pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Kisha akaweka vizimba viwili mezani. Kimoja cha titani, aina ya chuma, cha kijivu, chenye vitundu kama jiwe la kusugulia miguu. Cha pili cha plastiki ngumu, rangi ya maziwa yaliyoganda.

"Mama, hii ya chuma, mufupa inaikamata bien, muzuri sana. Lakini iko nguvu kupita mufupa yako, inaweza kuzama. Hii ya plastiki inafanana na mufupa, na kwa radio, ile picha ya mifupa, naona muzuri kama mifupa inaungana. Lakini mufupa haiikamate sana."

Kulthumu alitaka chuma. Plastiki, alisema, ni ya mabeseni. Akauliza pia kama dada yake atazikwa nacho. Daktari akajibu kwamba ndiyo, chochote watakachochagua kitabaki humo.

Nafisa alishika kimoja katika kila kiganja, akingoja moyo wake useme. Haukusema.

"Docteur, weka ile yenye utaona muzuri. Miye sisikie kitu."

Upasuaji ulikwenda salama, na maumivu ya kiuno yakapungua polepole. Miezi mingi baadaye daktari aliwaonyesha picha: mfupa ulikuwa umepita katikati ya kizimba, pingili zimeshikana. Kulthumu alilia kwa furaha. Nafisa aliitazama picha kama anaonyeshwa nyumba ya mtu mwingine.

Daktari akamchoma unyayo kwa sindano, akamuuliza kama anasikia. Hapana. Akasema kwa upole kwamba mshipa uliobanwa muda mrefu pengine haurudi. Nafisa akaitikia kwa kichwa.

Walipotoka, Kulthumu alimuuliza kama hafurahi. Nafisa alifikiri. Akasema anasimama wima, na hilo ni kweli. Kisha akaomba ashikwe mkono, maana mbele yao palikuwa na ngazi, na mguu ule haukujua ngazi inaishia wapi.