Tulidhani ni jeneza linagonga

Leo tumemwomba marehemu msamaha bure.

Tulikuwa tunapeleka mwili wa baba mdogo kutoka Arua hadi nyumbani Koboko kwa pikapu. Kila shimo, nyuma inagonga. Ko, ko.

Shangazi akasema, "Mzee iko na hasira. Simamisha gari."

Dereva akasimama. Shangazi akaweka mkono juu ya jeneza, akamwomba atusamehe. Tukalibana kwa godoro.

Bado ikagonga. Kila kona gari inayumba, imelala upande wa kushoto. Sisi tunaogopa maiti tu.

Nyumbani tukashusha jeneza. Pikapu ikageuka tupu.

Ko, ko.

Kumbe shokapu ya nyuma imekufa.

Na pikapu imesharudi Arua kumchukua mama. Dereva hashiki simu. Mkiona pikapu nyeupe imelala kushoto, tafadhali isimamisheni.