Mazoezi ya Mtu Asiye na Kazi

Nesi wa zahanati yetu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, lakini nilimwamkia shikamoo. Wote tulimwamkia hivyo, hata mabibi walioleta wajukuu kuchanjwa, na yeye aliitikia marahaba huku anaandika. Siku ya kwanza aliniuliza umri wangu, kisha akauliza hii ni mimba ya ngapi. Nikamwambia ya tatu, na mtoto hai sina. Hapo ndipo aliponitazama. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla hata majirani hawajajua. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tano na mtoto alikuwa anacheza. Nilimtaka mtoto yule kwa namna ambayo nikiisema hata leo mdomo unanikauka.

"Kazi yako?" akauliza.

"Sina kazi."

Akaandika. Sikumdanganya. Kwetu Kinole, na hata mjini Morogoro nilikokaa mwanzoni mwa ndoa, kazi ni ile ya kutoka asubuhi na kupokea mshahara mwisho wa mwezi. Mume wangu alikuwa na kazi kiwandani, mpaka kiwanda kilipouzwa na mwenye mali mpya akapunguza watu. Tukahamia mlimani kwa mama yangu, kwenye shamba la ukoo wetu. Kuanzia hapo hata yeye hakuwa na kazi. Mimi nilikuwa nashusha matunda tu.

Biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori ya Fuso kutoka Dar yalianza kupanda mpaka pale barabara inapoishia, karibu na zahanati, wanunuzi wakitaka machungwa, ndizi, nanasi, chochote kile, mradi kifike mapema. Shamba letu liko juu, mwendo wa zaidi ya saa moja kuteremka kwa miguu, na mvua ikinyesha njia yote ni utelezi. Kila siku isipokuwa Ijumaa niliweka ngata kichwani, nikatwishwa tenga, nikashuka. Wakati wa kurudi nilipanda na chumvi, sabuni na dumu la mafuta ya taa. Redioni walisema hilo ni soko huria, sisi tuliliita Fuso.

Kama nesi angeniuliza nabeba nini, ningemjibu. Hakuuliza, na kuona asingeweza, kwa sababu mwenyewe alikuwa amepiga marufuku mizigo kuingia uani kwake. Matenga yanaleta nzi, alisema. Basi tuliyaacha ng'ambo ya barabara nyuma ya duka, tukanawa miguu, tukajifunga kanga safi, tukaingia kama watu waliotoka kuamka.

Mwezi uliofuata alirudi kutoka semina mjini na picha kubwa ya karatasi inayong'aa. Ilikuwa picha ya mama wa Kizungu mwenye mimba, amevaa suruali ya kubana, amekaa kwenye mkeka na mikono juu, anacheka. Sijui alikuwa anacheka nini. Nesi akaibandika ukutani, akatusimamisha mstari.

"Nyinyi kina mama mnabweteka," alisema. "Mkishapata mimba mnakaa tu. Damu haitembei, uchungu unakuwa mrefu, mtoto anachoka. Mazoezi ndiyo afya ya mama na mtoto. Tembea nusu saa kila siku. Chuchumaa na kuinuka mara ishirini. Haya, tuanze."

Tukachuchumaa. Mwenzetu mmoja wa miezi minane alikuwa ameshusha mkungu mzima wa ndizi asubuhi ileile, na yeye akachuchumaa. Hakuna aliyefungua mdomo. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na nadhani ni hilo neno. Mazoezi tuliyajua ni ya wanafunzi, wanajeshi na wacheza mpira. Kushusha tenga hakukuwa mazoezi, kama vile ambavyo hakukuwa kazi. Hakukuwa na jina lolote ambalo mtu angeweza kulitaja mbele ya meza yenye karatasi.

Aliponifikia aliuliza kama nafanya mazoezi nyumbani. Nikasema sifanyi.

"Wewe hasa ndiye unayetakiwa kuyafanya," akasema, mbele ya wote. "Umeshapoteza wawili."

Nilipanda mlima siku hiyo na maneno hayo tu kichwani. Wale wawili walikufa kwa uvivu wangu. Ndivyo nilivyoelewa, na niliamini kabisa.

Jioni hiyo, baada ya kuteka maji na kuinjika chungu, nilitoka mlangoni mikono mitupu. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Unakwenda wapi?"

"Kutembea."

"Umetoka kutembea sasa hivi."

"Nesi kasema nitembee nusu saa."

"Kutembea wapi?"

"Popote, mama. Kutembea tu."

"Na hiyo nusu saa utaijuaje? Saa unayo?"

Sikuwa nayo. Ili nisimpunje mwanangu, nilikwenda mpaka chemchemi ya pili na kurudi, na siku nyingine nilipitiliza. Mlimani kwetu mtu hatembei bila safari. Jirani mmoja aliniuliza kama kuna msiba. Mwingine akaniuliza kama nimepoteza mbuzi. Nikawajibu kwamba nafanya mazoezi, nao wakacheka mpaka wakashika magoti. Mume wangu aliona aibu, akaniambia niyafanyie ndani. Basi ya kuchuchumaa niliyafanyia ndani, ishirini kamili, nimeshika nguzo ya kitanda, nahesabu kwa sauti ya chini na miguu iliyovimba kama viazi.

Tumbo likaanza kukaza. Kliniki nikamwambia nesi. Alisikiliza tumboni kwa makini, siwezi kumsingizia, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri.

"Unapumzika mchana?"

"Napumzika," nikasema, maana njiani kuna jiwe ambapo tunatuana mizigo na kupumua kidogo.

"Basi vizuri. Usiache mazoezi."

Chupa ilipasuka mimba ikiwa ya miezi saba, asubuhi, mvua za mwisho zikinyesha, hatua chache chini ya jiwe hilo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga magoti taratibu na kushusha tenga ili machungwa yasipondeke. Nimejisamehe mengi, lakini hilo bado. Wanawake niliokuwa nao wakanishika huku na huku tukateremka, na mmoja akajitwisha tenga langu. Hakujali marufuku ya mtu. Akalitua mlangoni kwa nesi.

"La nani hili?" nesi akauliza.

"La huyu hapa."

"Amebeba hili?"

"Hubeba kila siku."

Nesi aliinama, akalishika tenga kwa mikono miwili akitaka kulisogeza. Halikuinuka hata kufika magotini kwake. Akaliachia, akanigeukia, nami nimeshalala kitandani nauma kanga.

"Mbona uliniambia huna kazi?"

"Sina kazi, nesi," nikasema. Nilidhani ananipima akili.

Akanizalisha. Siku hizo mama alitakiwa kuja na glavu zake, nami nilikuwa bado sijanunua, akatumia za kwake na hakunisema. Alitoka mtoto wa kiume, njiti, ngozi nyembamba, analia kwa sauti ndogo. Nesi akamweka kifuani kwangu, akatufunga pamoja na kanga, akasema apelekwe hospitali mjini upesi. Gari pale lilikuwa moja tu, Fuso lililokuwa linapakia.

Dereva hakuwa mtu mbaya. Alisema atatuchukua mbele, tukae kwa raha, lakini mwenye mzigo amemwambia asiondoke kabla gari halijajaa. Mume wangu, aliyefuatwa shambani akateremka mbio, alimsihi, akamshika mpaka miguu. Alipoona haisaidii akavua shati akaanza kupakia mwenyewe, tenga baada ya tenga, kwenye mvua, anakimbia, anawafokea wapakiaji kwamba wanazembea. Dirisha la zahanati lilikuwa linatazama barabarani. Nilimwona mume wangu anajaza gari lile, mtoto ananihemea kifuani, nami naomba machungwa ya Kinole yote yashuke siku hiyo kwa wakati mmoja.

Gari lilijaa. Mume wangu akaingia anatiririka maji, anatabasamu, anasema twendeni. Nilikuwa tayari nimeacha kusikia pumzi kifuani, ila nilikuwa sijamwambia mtu.

Tulimzika huku juu siku ileile. Siku ya tatu nilirudi zahanati kupimwa damu. Nesi aliitwa nje, akaacha daftari wazi mezani. Nilimaliza darasa la saba, naweza kusoma. Kwenye mstari wangu aliandika mtoto njiti, amefariki, na mbele yake: mama hakuzingatia ushauri.

Nilisoma mara mbili. Nilizingatia kila neno. Nilizingatia mpaka wakaniona nimerukwa na akili, nilizingatia na miguu imevimba, bila saa, mpaka chemchemi ya pili. Kama kuna kitu kimoja maishani nimekitii chote bila kupunguza, ni ushauri wa binti yule.

Aliporudi aliniuliza kama nina swali lolote. Nikasema sina, nikamwambia asante.