Tundu la Nathanaeli

Kwa kupakia kabichi, Shume nzima haijazaa mwingine kama Nathanaeli. Nililiona kwa macho yangu lori alilolipanga asubuhi, na lilipofika Kariakoo kabichi zilikuwa zimeongezeka. Anayebisha akaulize Mombo.

Siri yake ilikuwa tundu. Ukishindilia kabichi bila nafasi, zikifika kwenye joto la bondeni zinachemka zenyewe, mjini unashusha supu. Nathanaeli aliacha tundu katikati ya shehena, upana wa mtu aliyechuchumaa, toka chini mpaka juu, hewa ipite. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake alifanya hivyo kwenye matenga.

Kisha zikaja enzi za ruksa, kila kitu kikapanda mlima: mitumba, redio zenye taa, na kigemu cha matofali cha kushika mkononi, kinalia kama kifaranga. Matofali yanadondoka, wewe unayapanga. Mstari ukijaa unafutika. Salimu, mwenye banda la video pale sokoni, alikuwa nacho, na foleni yake ilizidi ya zahanati.

Nathanaeli alijaribu, lakini mikono ilijua kazi moja tu. Katikati pakabaki tundu, limenyooka vizuri mpaka chini, na mstari hata mmoja haukufutika. Likaja lile tofali refu, la kuingia pale kama ufunguo kwenye kitasa. Akalilaza pembeni. Rajabu kinyozi, bingwa wa kigemu, akamuuliza kwa nini asizibe.

"Hewa itapita wapi, mgosi?"

Rajabu alicheka mpaka akamnyoa mteja nyusi moja. Siku hiyohiyo akambandika jina Kitundu. Miaka ikapita, kigemu kikafa, jina likanenepa.

Lingekuwa jambo dogo kama si Klara. Klara aliuza matunda damu jirani na banda, na Nathanaeli alikuwa amekwisha kumposa. Wazazi waliafiki, mchungaji aliafiki, Klara mwenyewe akagoma.

"Wewe nakutaka," akamwambia. "Ila sitaitwa mke wa Kitundu. Wakufutie hilo jina, la sivyo kaoe kabichi zako."

Nathanaeli akakonda. Suruali ikawa inafika kazini kabla yake.

Hapo ndipo Salimu aliposhuka Dar, akarudi na mashine ya kuchomeka kwenye televisheni. Akatangaza kwamba mchezo wa matofali umefufuka, sasa una rangi na ngoma yake. Mistari haifutiki tena. Chini kunakimbia kijitu chenye bukta ya njano, na kazi yako ni kujaza kioo kwa matofali mpaka juu bila kukiponda kijitu hicho.

Wiki tatu watu walikiponda. Rajabu alikiponda kuliko wote, maana kila alipoona upenyo mikono yake ilikimbilia kuuziba. Siku ya soko akakasirika, akasema mchezo huo hauna mshindi. Akaapa mbele ya wote kwamba hata Kitundu akiushinda, yeye atalizika jina hilo kwa kipaza sauti cha Salimu.

Klara akaacha sinia lake, akaja kusimama mlangoni. Nathanaeli alimtazama mara moja, akafuta mikono kwenye shati, akakaa.

Alipanga kulia, akapanga kushoto. Kijitu kikakimbia huku na huku, kikaliona tundu, kikaingia kuchuchumaa. Naapa nilikiona kikivua viatu. Matofali yakapanda pande zote mbili, ikabaki nafasi kidogo juu. Likadondoka tofali refu. Banda zima likamwambia azibe.

"Hewa itapita wapi?" akasema polepole, akalilaza pembeni.

Kioo kikajaa, ngoma ikapigwa, kijitu kikapanda kwa lile tundu, kikatoka juu kinapunga mkono.

Rajabu alipanda juu ya kreti la soda akalizika jina kwa kipaza sauti, na sauti ilifika Mponde, wachuma chai wakavua kofia wakidhani kuna msiba. Klara alimpelekea Nathanaeli matunda damu matano, akasimama pale akimtazama mpaka ayamalize.

Kitanda cha harusi Nathanaeli alikichonga mwenyewe. Godoro alilijaza majani makavu, na katikati, kwa mazoea, akaacha tundu. Klara alinuna usiku mmoja tu. Watoto sita wamelala humo tunduni mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyechemka.